Mtwara mpaka Kilwa na mzee wangu: nianzie ofisi ya utalii au nijipangie mwenyewe?

Kinda wa Chuno

Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri hasa nyie wa Mtwara, Lindi na Kilwa. Mzee wangu katimiza miaka 74 mwezi uliopita na toka astaafu ana wimbo mmoja tu, anataka apite barabara ya kusini kwa kusimama simama, sio hii yetu ya kudandia basi alfajiri unasinzia Mikindani unakuja kushtuka Mbagala. Kazaliwa Nachingwea huyu. Anasema treni ya karanga aliiona kwa macho yake akiwa dogo, na sisi wanawe miaka yote tulijua anatupiga kamba, mpaka juzi juzi nimekuja kusoma kumbe kweli Mwingereza alijenga reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa 1947, mradi ukafa 1951 na reli yenyewe miaka ya sitini mwanzoni ikang'olewa. Nimemuomba radhi mzee, kacheka tu.

Sasa mpango wangu ni huu. Noah ya shemeji, tuko watano, mimi, mzee, mke wangu na watoto wawili, siku nne mwezi wa sita shule zikifungwa. Siku ya kwanza Mikindani na Lindi, ya pili Tendaguru kule kwa madainosaria alafu jioni tulale Kilwa, ya tatu Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ya nne tunarudi kupitia Nachingwea. Mke wangu anasema kabla sijajaza mafuta niende kwanza ofisi ya utalii nikawaulize, shemeji anasema huko ni kupoteza muda kila kitu kipo kwenye simu. Mliowahi kwenda mlisaidika na nini hasa? Maana mimi sijawahi kukanyaga, naonaga kama ni za wazungu vile.

Suka wa Nangurukuru

Mkuu mimi niko upande wa shemeji yako. Mwaka juzi nilikuwa na wageni kutoka Mwanza, nikajifanya mstaarabu nikawapeleka ofisi moja ya utalii, mji siutaji. Tumekuta kufuli. Muuza chipsi wa jirani anatwambia bwana utalii kaenda semina rudini Alhamisi. Mlinzi akatuonea huruma akatutolea vipeperushi, kufungua ndani twiga na Mlima Kilimanjaro. Mgeni mmoja akaniuliza kwani Kilimanjaro ni mbali na hapa? Nilitamani ardhi inimeze.

Mambo ya barabara niulize mimi. Kutoka hapo kwako mpaka Kilwa Masoko hesabu kilomita 300 hivi na ni lami mwanzo mwisho, ukifika Mnazi Mmoja kushoto ni Masasi kulia Lindi, ukishapita Lindi unanyoosha mpaka Nangurukuru, hapo unaiacha barabara ya Dar unaingia kulia kama kilomita 30 unafika Masoko. Kwenye kibao cha 50 nenda 50 kweli kweli, usidanganywe na barabara nyeupe, tochi zipo. Na usiku usiendeshe, sio kwa ajili ya simba, kwa ajili ya malori yaliyoharibika yamewekewa majani tu barabarani. Mwezi wa sita mvua zimeisha kwaiyo huna presha, tatizo ni masika, mwezi wa tano 2024 baada ya kile kimbunga Hidaya barabara ilikatika maeneo ya Somanga watu wakalala porini, ila nyie hata Somanga hamfiki.

Mama Ming'oko

Suka kaka angu nakuheshimu ila umemvunja moyo mwenzio bure kwa kufuli la siku moja. Mimi niko Mikindani napokea wageni mwaka wa tisa huu, na nikwambie kitu kimoja, wengi wakienda ofisi hizo wanaingia na swali moja tu, "eti huku kuna nini cha kuona?" Sasa hilo swali hata ungeniuliza mimi ningekupa kipeperushi cha twiga uondoke zako. Mtu wa ofisini hana kazi ya kukuonyesha ramani, ramani unayo mfukoni. Yeye kazi yake ni kujua leo kumeamkaje, nani ana boti yenye laifu jaketi, mtembezaji gani yupo na yupi kaenda msibani, kibali kinakatwa wapi. Kwaiyo Kinda nenda, ila piga simu kwanza ujue yupo, na uende na karatasi umeandika siku zako na nani na nani mnasafiri.

Hilo la kibali ulishike sana. Kilwa Kisiwani huvuki kiholela, yale magofu siku hizi yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kibali unakatia Masoko na mtembezaji unapewa huko huko, malipo kwa kontrol namba sio mkono kwa mkono. Nimeona familia wamefika Masoko saa tisa mchana wamechoka wana njaa ndo wanaanza kuulizia ofisi iko wapi. Siku yao imekwenda.

Alafu Kisiwani na Songo Mnara kwa siku moja na mzee wa miaka 74? Kisiwani ni hapo tu ng'ambo, hata ukisimama gatini unakiona. Songo Mnara ni safari, na ukifika boti inakaa mbali unashuka kwenye maji unakanyaga tope unapita mikokoni. Wewe utaona raha, watoto ndo usiseme, mzee je?

Na mwisho nikugombeze. Mikindani yangu umeichomeka asubuhi kama kituo cha kuchimba dawa! Mikindani ni kilomita kumi toka kwako jamani, mlete mzee Jumapili yoyote kwa daladala mkae kutwa. Kuna Boma la Mjerumani la 1895, siku hizi hoteli, waombe mpande mnarani muone bandari yote ile ya duara chini na minazi, maana wenyewe wanasema hata jina limetokana na mikinda, minazi michanga. Kuna jengo la soko la watumwa. Kuna nyumba yenye kibao cha Livingstone, alishukia hapa mwezi wa tatu 1866 akaingia bara na hakutoka tena hai, alifia huko 1873. Mpite vichochoroni polepole mtazame na milango. Ukiifanya nusu saa mtaona magofu na mbuzi tu.

Dogo wa Ligula

Mkifika Kilwa msisahau Kivinje kule Mwembe Kinyonga, ndo walikonyongewa wale wa Maji Maji akina Kinjikitile. Historia nzito sana ile

Mwl Mstaafu Lindi

Dogo wa Ligula, kijana wangu, umechanganya kidogo na sikulaumu maana hata vitabu vya shule vinapita haraka hapo. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, Rufiji, mwezi wa nane 1905, vita ikiwa ndio imeanza. Jina la Mwembe Kinyonga pale Kivinje linaendana na Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana na Wajerumani wakamkamata wakamnyonga 1895. Miaka kumi kabla ya Maji Maji. Mtu akisimama pale afikirie hilo, kwamba mwaka ule ule ambao Makunganya alikuwa ananyongwa Kivinje, Boma la Mikindani analolisema dada yetu lilikuwa linajengwa.

Sasa nije Tendaguru, kwa sababu ndugu yetu ameiandika kama vile ni sheli ya njiani. Tendaguru iko kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya Lindi mjini, na hizo kilomita 60 sio za Noah. Nimewapeleka wanafunzi huko mara mbili nikiwa kazini, mara ya kwanza tuligeuzia njiani. Unahitaji gari la juu lenye kuvuta miguu yote minne, unahitaji mtu wa vijiji vya huko anayejua njia, na unahitaji siku nzima, usiichanganye na kwenda kulala Kilwa jioni hiyo hiyo. Mara ya pili tulifika kwa sababu nilipita kwanza kwa afisa utalii, yeye akapiga simu kijijini, tukamkuta mwenyeji anatusubiri barabarani. Mara ya kwanza nilijifanya najua.

Na ujue unaenda kuona nini. Ukifika hakuna mfupa uliosimama. Kuna kilima na pori na ukimya. Mifupa iko Berlin. Mhandisi Mjerumani anaitwa Sattler ndiye aliyeripoti mwaka 1906, mwaka uliofuata akaja mtaalamu Fraas, kisha 1909 mpaka 1913 ikaja msafara mkubwa wa makumbusho ya Berlin. Kuna mwaka vibarua walifika kama 500. Walichimba kwa mikono, mifupa ikafungwa kwenye maboksi, watu wakabeba kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari hii hii ya Lindi ambako leo vijana wanakaa jioni wanakula pweza. Zaidi ya tani 200. Yule mnyama mkubwa waliyemsimamisha Berlin mwaka 1937 urefu wake kwenda juu unapita mita 13, mtu anakata tiketi kumtazama, na hapa kwetu mtoto wa darasa la tano hajui kama alitoka Lindi.

Mimi darasani nilikuwa nawaambia wahesabu miaka. Maji Maji iliisha 1907, nyuma yake ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1909 ndio uchimbaji unaanza. Kwa hiyo waliobeba ile mifupa ni watu waliotoka kuzika ndugu zao. Na sio wabebaji tu, kulikuwa na fundi anaitwa Boheti bin Amrani, huyo ndiye aliyekuwa anasimamia wenzake kutoa mifupa bila kuivunja, wazungu wenyewe walimtegemea. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza nao wakaja kuchimba, 1924 mpaka 1931, na huyo Leakey mnayemsikia wa Olduvai alianzia kazi pale Tendaguru akiwa kijana. Bungeni suala la kurudisha mifupa limeulizwa zaidi ya mara moja. Nimetoka nje ya mada kidogo, mnisamehe, nikianza Tendaguru mke wangu huwa anaondoka sebuleni.

Kuhusu reli ya mzee wako, mwanzoni kabla bandari ya Mtwara haijawa tayari mizigo ilishushwa Mkwaya, huku upande wetu wa Lindi, reli ikaanzia hapo. Ukipita Mnazi Mmoja muonyeshe upande huo. Na Nachingwea msiishie kwenye karanga, Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kubwa pale, Samora Machel alikaa.

Suka wa Nangurukuru

Mwalimu shikamoo. Kumbe hata wewe uligeuzia njiani, nilidhani ni mimi peke yangu.

Kinda wa Chuno

Wakuu nimerudi na majibu, samahani kwa kimya. Jumanne nilipiga simu, Jumatano nikaenda, ofisi ya hapa hapa Mtwara, nikamkuta dada mmoja na feni yake na mafaili, nikatoa karatasi yangu kama Mama Ming'oko alivyosema. Nilitegemea ataanza kunisifia vivutio. Swali lake la kwanza kabisa: "Mzee magoti yakoje?" Nikabaki nimeduwaa. La pili, watoto wameshawahi kupanda boti au ndo mara ya kwanza. La tatu, akaangalia tarehe yangu, akaangalia kalenda, akaniambia kaka hii Jumamosi yako ni mwezi mpevu.

Mimi nikasema si ndo vizuri, usiku kutakuwa na mwanga. Akacheka. Akanieleza kwamba mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa kama saa kumi alafu yanakupwa mpaka basi kwenye saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi ndo nimeandika tufike Kisiwani, kwaiyo tutakuta maji yameenda mbali mzee ashushwe kwenye tope. Nikisogeza safari wiki moja tu inakuwa maji mafu, saa nne ile ile maji yamejaa, boti inasogea karibu. Na kwa vile mwezi wa sita ni kusi, akasema tuvuke asubuhi turudi kabla ya mchana upepo haujachachamaa. Nimekulia Mtwara wakuu, bahari naiona kila siku, hilo la mwezi sikuwahi kulipangia safari hata siku moja.

Akapiga simu Masoko mbele yangu, wakamwambia kibali nikate siku moja kabla jioni tukishafika, nisisubiri asubuhi. Songo Mnara akaikata na kalamu. Akasema Kisiwani kwenyewe kwa mzee ni kingi, msikiti mkubwa ule na Gereza, ile ngome ya zamani, viko karibu, ila Husuni Kubwa ni kutembea, tumuulize mtembezaji siku hiyo tumwangalie na mzee alivyoamka. Nikamuuliza huko Husuni kuna nini hasa, akasema ilikuwa nyumba ya sultani, ina bwawa la pembe nane la kuogelea, miaka ya 1300, nyakati zile zile yule msafiri Mwarabu Ibn Battuta anafika Kilwa, 1331. Mwanangu wa kwanza kusikia bwawa la kuogelea saivi analala anaamka na bwawa.

Tendaguru nimeitoa kwa shingo upande. Dada kasema kama alivyosema Mwalimu, Noah hapana, na ukiweka Tendaguru lazima utoe kingine, nikachagua nisitoe Nachingwea maana safari ni ya mzee. Kwaiyo sasa iko hivi, siku ya kwanza tunatoka alfajiri, tunakula mchana Lindi, tunalala Masoko na kibali mkononi. Ya pili asubuhi Kisiwani, jioni Kivinje kwa Makunganya. Ya tatu tunashuka Lindi, Mnazi Mmoja, tunalala Masasi, mke wangu anataka kuona kanisa la Anglikana, wamisheni walifika pale 1876 na watu waliokombolewa utumwani Zanzibar, babu yake mzaa mama alisomea kwao. Ya nne Nachingwea alafu nyumbani, na Mikindani tunaenda Jumapili kabla ya safari kwa daladala.

Kipeperushi alinipa pia. Suka, hakina twiga. Ila gharama zote nilizokuta humo ni za zamani, akazikata na kalamu akaandika mpya pembeni kwa mkono, kwaiyo ukipewa kipeperushi usiamini bei, uliza.

Mama Ming'oko

Huyo dada apewe soda. Jumapili hiyo niambie mapema niwapikie ming'oko, mzee wa Nachingwea hawezi kupita kwangu akala chipsi.

Suka wa Nangurukuru

Sawa nimekubali, la mwezi mpevu hata mimi sikulijua, miaka yote nawashusha wageni gatini Masoko nageuza gari nalala, wakirudi wana tope mpaka kiunoni nafikiri ndo utalii wenyewe. Kinda kabla ya safari kagua tairi na feni ya rejeta ya hiyo Noah, watu watano na mizigo na kile kipande cha kupanda baada ya Lindi itachemsha. Mafuta jaza Lindi usisubiri Masoko.

Mwl Mstaafu Lindi

Siku ya tatu mkishuka Lindi niandikie humu ndani. Hao watoto waliokosa Tendaguru niwapeleke ufukweni niwaonyeshe zilipopita hizo boksi, nina na picha za safari yetu ya pili. Nusu saa tu, naahidi.

Na muulize mzee, hiyo treni aliionea stesheni gani?

Kinda wa Chuno

Mwalimu nimemuuliza sasa hivi amekaa hapa barazani. Anasema sio stesheni. Alikuwa juu ya mwembe anaiba maembe ya mtu, treni ikapita karibu ikapiga honi, akaanguka. Kanionyesha na kovu mguuni.

Sasa sijui hii nayo ni kamba au nisubiri miaka mingine nije kusoma mahali.